Yowe Lisilo na Damu

Siku shemeji yangu alipohesabu silaha zetu nilikuwa nimeinama nafagia uwanja, na nilimsikia kwa masikio yangu. Wanaume kumi na mmoja. Pinde tisa. Mikuki sita, miwili ina kutu lakini inachoma. Mbwa watatu wasioogopa mtu. Na filimbi moja ya jeshi, aliyorudi nayo kutoka vita vile vya mpakani, alikokwenda akiwa kijana wa kucheka na kurudi mtu wa maneno machache. Akasema, "Yule wa ng'ambo ya kijito ana dereva, vibarua wawili na bunduki ya nguruwe ambayo hakuna aliyewahi kuisikia ikilia. Tukishuka wote, hata honi hapigi. Atazima trekta arudi kwake."

Nayaandika haya ili wajukuu wangu wasije wakadanganywa kwamba tulishindwa kwa sababu tulikuwa wanyonge. Hatukuwa wanyonge. Mimi nilisoma kisomo cha watu wazima tu, mtoto mgongoni, na mwandiko wangu unapanda na kushuka kama njia ya mbuzi. Lakini kumi na mmoja najua ni ngapi, na watatu najua ni ngapi.

Tulikuwa nyumba tatu kwenye mteremko mmoja, juu ya njia iendayo Maretadu. Nyumba ya juu ilikuwa ya shemeji, kaka wa mume wangu. Ya kati ilikuwa yetu. Ya chini, karibu na kijito, ilikuwa ya mtoto wa baba yao mdogo, na alipokufa ikabaki kwa mjane wake. Mimi na mjane huyo tuliolewa mwaka mmoja, mimi kutoka Bashay, yeye kutoka Masieda. Tulichota maji pamoja kabla hatujawazoea waume zetu. Wanawake wengine huitana kwa majina ya watoto. Sisi tuliitana mwenzangu. Yeye aliniita hivyo tangu siku ya kwanza, hata siku ile ya mwisho nitakayoieleza.

Wakati wa vijiji tulihamishwa tukayaacha mashamba yale. Baadaye watu walipoachwa warudi kwenye mahame yao, tulirudi nyumba zote tatu siku moja, tukapanda mpaka wetu kwa pamoja kutoka ng'ambo ya kijito hadi juu ya mgongo wa kilima. Tulipanda manyara, ule mti wa maziwa yanayounguza macho, kwa sababu ng'ombe haugusi na mtu hausahau. Siku ya kumaliza tulikunywa pombe ya asali kutoka kibuyu kimoja, kila mtu akatemea majani mabichi, na mzee aliyekuwa hai wakati ule akatamka agano: yowe la nyumba moja ni yowe la nyumba zote.

Yowe kwetu halikuwa kelele tu. Mtu akipiga yowe, kila mwanamume aliyelisikia huacha alichoshika akaja na silaha, awe anakula, awe anaumwa. Nyumba isiyokuja hutozwa dume la ng'ombe, na dume hilo huliwa na waliokuja. Isipotoa dume, hufungiwa: hakuna wa kuisalimu, hakuna wa kuipa moto, hata ikifiwa inachimba kaburi yenyewe. Na mtu akipiga yowe la bure, akawatoa watu kazini pasipo sababu, yeye hutozwa kondoo. Hiyo ndiyo sheria nzima. Sikuwahi kuona nyumba ikitozwa dume. Watu walikuwa wanakuja.

Sasa jirani wa ng'ambo. Hakuwa mgeni, wala hakutoka kabila lingine. Alikuwa mtu wetu, tukisali naye kanisa moja, akikaa benchi la pili. Zamani alikuwa mtunza ghala la ushirika. Ushirika ulipokufa na biashara ikafunguliwa kwa kila mwenye nguvu, ghala lilibaki na ufunguo wake, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Akaanza kununua maharage. Akapata lori. Halafu akaleta trekta kuukuu kutoka kwenye mashamba ya ngano kule Hanang, jekundu, lina bomba linalotoa moshi juu kama jiko la pombe. Tulitoka wote kulitazama. Mimi mwenyewe nililigusa.

Kosa letu lilianzia hapo, kwenye kuligusa. Maana lori lile ndilo lilibeba maharage yetu, na hakukuwa na lingine lililokubali kupanda kile kilima wakati wa matope. Mtoto wa pili wa shemeji alikuwa utingo wake. Binti yangu alipopata uchungu mbaya ni lori lile lililomfikisha hospitali, na jirani hakuomba kitu. Alisema tu, "Mama, sisi ni majirani." Mtu wa namna hiyo unamwogopaje? Unamwogopa vizuri sana.

Mwaka wa kwanza plau lake liliingia hatua moja ndani ya mpaka wa mjane. Mjane alipanda kutueleza. Shemeji akasema ni dereva amekosea, mgeni, bado hajajua kukata kona. Mwaka wa pili walikata manyara yapata urefu wa nyumba mbili, ati trekta lipate mahali pa kugeukia. Mjane alikuja tena. Hapo wanaume walikaa kikao.

Walikaa siku nzima. Nilipika uji mara mbili. Walimlaani jirani kwa maneno makali mpaka nikadhani watashuka palepale. Mwishowe wakamtuma mzee mmoja akamwambie kwamba nyumba tatu zimesikitika. Mzee akarudi na kilo mbili za sukari na majibu kwamba jirani naye amesikitika. Sukari ilinywewa kikao kilichofuata. Tulikwenda pia kwa mtendaji, naye akasema mambo ya mpaka wa koo tukubaliane kwanza wenyewe, halafu tulete maandishi. Maandishi yetu yalikuwa manyara, na yalikuwa yamekatwa.

Ndipo shemeji akahesabu silaha. Na baada ya kuhesabu akaanza kuwafundisha vijana kwenye uwanja wetu wa kupuria, asubuhi baada ya kukamua. Aliwapanga mistari miwili, wa pinde nyuma, wa mikuki mbele, akapuliza filimbi. Kushoto geuka. Wengine waligeuka kushoto, wengine walitazama wenzao kwanza.

Mjane alikuwa amekuja kuazima chungio, akasimama karibu nami kuangalia. Akasema, "Shemeji, hao ni askari au ni mbuzi waliofunguliwa?"

"Subiri uwaone siku yenyewe," shemeji akamjibu.

"Nitawaona vizuri. Mimi ndiye nitakayekuwa mbele yao."

Watu walicheka, naye akacheka. Alikuwa na meno mazuri. Mwanawe wa kiume alikuwa Mererani kwenye mashimo ya madini, hana barua hana salamu, na pale nyumbani alikuwa na binti mmoja tu, kondoo jike mmoja na lile shamba. Shamba lenyewe lilikuwa bora kuliko yetu yote, udongo mweusi, na pembeni yake ile chemchemi ambayo nyumba zote tatu tulinyweshea mifugo. Hakuwa na kingine. Akipoteza shamba lile, alikuwa amekwisha. Kila mtu alilijua hilo, yeye wa kwanza.

Mwaka uliofuata ng'ombe wetu wawili wa kulimia walikufa kwa ndigana, wale mume wangu aliowatoa kwa wafugaji wa Hanang. Tulikuwa tumemaliza kuvuna maharage na udongo bado ulikuwa laini, ule wakati mzuri wa kugeuza ardhi kabla jua halijaifanya tofali. Jirani alikutana nami njiani kutoka kanisani. Akanipa pole ya ng'ombe. Akasema, "Mama, wiki hii trekta litakuwa upande wenu. Likimaliza chini nitalipandisha likulimie. Usihangaike na majembe."

Nikamwuliza, "Likimaliza chini wapi?"

Akasema, "Chini."

Nikasema asante. Sikumwuliza tena. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba tutalimiwa, nikamwambia ile asante, lile neno chini sikumwambia.

Siku ya tatu yake tulikuwa tunapura. Maharage yalikuwa yametandazwa uwanjani, makavu, na tulikuwa watu saba na fimbo zetu: mimi, mume wangu, wanangu wawili, wakwe zangu wawili na mpwa. Saa nne hivi asubuhi nikasikia trekta linanguruma kijitoni. Halafu nikasikia yowe.

Nililisikia vizuri. Sauti yake naijua kama ninavyojua mlango wangu. Lilikuwa refu, likakatika, likaanza tena. Mume wangu alitupa fimbo. Alikwenda ndani akatoka na upinde na mishale, na wanangu wakamtazama yeye, na wakwe zangu wakanitazama mimi.

Nikamwambia, "Baba, unakwenda wapi?"

"Husikii?"

"Nasikia watu wanapura. Kaka yako yuko juu, ana filimbi. Filimbi imelia?"

Akasikiliza. Filimbi haikulia.

"Basi subiri filimbi," nikasema. "Ukienda peke yako utakuwa umempigia nani vita? Kesho utalima na nini?"

Alisimama pale na upinde. Alikuwa mtu mpole, na watu walikuwa wakiusema upole wake kama sifa. Nikawageukia wengine nikawaambia wapure. Nikawaambia wapure kwa nguvu, mvua inaweza kunyesha. Hakukuwa na wingu hata moja, mlima Hanang ulionekana mpaka kileleni. Wakapura. Fimbo saba zikipiga maharage makavu pamoja hutasikia hata mtu aliye karibu yako. Mume wangu alirudisha upinde ndani na yeye akachukua fimbo yake. Tulipura mpaka saa saba bila kupumzika, na maganda yakapasuka, na baadhi ya maharage yakapasuka pia, nikayatupia kuku.

Baadaye nilijua kwamba na shemeji alikuwa mlangoni kwake wakati huo, filimbi mdomoni. Alikuwa anasubiri aone sisi wa kati tunashuka, maana sisi ndio tuliokuwa karibu. Hakutuona, akaitoa mdomoni. Mwanawe alikuwa ndani ya lori la jirani, siku hiyo hiyo, njiani kwenda mnadani.

Mjane alisimama mbele ya trekta. Dereva alilizungusha. Alipokwenda upande ule mwingine, dereva akalizungusha tena. Hakumgusa. Alilima shamba lote huku akimzunguka kama mtu anavyozunguka kisiki. Mwisho ilibaki duara ndogo ya ardhi isiyolimwa, na yeye amesimama ndani yake. Binti yake ndiye aliyemtoa, kwa mkono.

Siku iliyofuata trekta lilipanda kwetu, likalima. Lililima vizuri, siwezi kusema uongo.

Mjane aliita kikao, kama haki yake. Wazee walikaa kwenye majani ya mteremko, wa kwetu na wengine wanne wa vilima vya jirani ili hukumu iwe safi. Yeye aliinuka, akawaamkia wakubwa shikamoo mmoja mmoja, halafu akasema maneno mafupi. "Nilipiga yowe. Nyumba mbili zimelisikia, hazikuja. Nadai madume mawili. Nyama sitaki. Nataka mje mkae kwenye shamba langu, nyote, na pinde zenu, mpaka yule aondoe trekta."

Wazee wale wa nje walikuwa wanatutazama sisi. Hukumu ilikuwa wazi hata kwa kipofu. Lakini hebu fikiri: nyumba zilizokosa ni mbili kati ya tatu. Madume yangeliwa na nani? Na nyumba yenye aibu ya kutozwa dume haioi wala haiozeshi, na mimi nilikuwa na binti wa mwisho aliyeposwa. Shemeji alitazama chini akikwaruza udongo kwa kijiti. Yule mtu aliyekuwa vitani.

Ndipo mzee mmoja akauliza kama kuna aliyeona kilichotokea. Nikainuka mimi. Wanawake hatusemi sana kwenye vikao vile, kwa hiyo tukisema tunasikilizwa.

Nikasema, "Yowe nilisikia. Lilikuwa fupi, kama la mtu anayeita mbuzi. Nilisimama nikatazama chini. Sikuona mtu amepigwa. Sikuona damu."

Lile la kusimama na kutazama lilikuwa uongo. Lile la damu lilikuwa kweli, sikuiona, maana haikuwepo. Niliviweka pamoja vikakaa.

Mzee akamgeukia mjane. "Ulipigwa?"

"Shamba langu lililimwa."

"Mama, nakuuliza, ulipigwa? Kuna damu iliyotoka?"

"Hapana."

Nikaona mgongo wa shemeji unanyooka. Akapata sauti. Akasema yowe ni jambo zito, ni la simba, ni la wezi wa ng'ombe, ni la damu. Kama kila mtu atapiga yowe kwa ajili ya mfuo wa plau, watu watalima lini? Wakakubaliana. Walikubaliana upesi kuliko kikao chochote nilichokijua. Yowe lisilo na damu si yowe. Na kwa kuwa si yowe, waliokaa nyumbani hawana kosa, na aliyelipiga ametoa watu kazini bure. Hakuna aliyetoka kazini, lakini hilo halikusemwa. Kondoo mmoja.

Mjane alinitazama mimi, si wao. Hakulia. Akasema, "Mwenzangu." Basi. Akashuka kumleta kondoo.

Alimleta mwenyewe kwa kamba, yule jike wake mmoja. Wanaume walimchinja pale pale mteremkoni, na sisi wanawake tukapewa utumbo tuoshe. Nilipopasua nikakuta mwana-kondoo ndani, ameshaota manyoya, kwato zake laini kama nta. Wenzangu waliacha kuzungumza. Nikamtoa, nikamweka kwenye majani nikitafuta pa kumficha, na nilipoinua kichwa mjane alikuwa amesimama juu yangu.

Akasema, "Mlitaka mmoja. Nimelipa wawili."

Mbwa walimchukua yule mdogo. Nyama tulikula.

Tangu siku ile mjane alihamia kibanda juu ya chemchemi, kwenye kipande cha mawe ambacho plau halikuweza kuingia. Alipanda mboga kati ya mawe na akawa kibarua, mara kwa huyu mara kwa yule, na mara kadhaa kwa jirani mwenyewe, akipalilia maharage kwenye shamba lililokuwa lake. Nilipopita tulisalimiana. Aliniuliza hali ya watoto. Hakunifungia, maana sheria haikumruhusu. Nyumba yangu haikuwa na kosa.

Ikapita miaka. Tukaambiwa sasa sisi si Arusha tena, tuna mkoa wetu, na mkoa umepewa jina la ule mti wa mpaka. Wanaume walifurahi redioni na vilabuni. Kwetu mti wenyewe ulikuwa umebaki juu tu, kwenye mgongo. Wapimaji walianza kupita kwa habari ya hati, na jirani alikuwa mtu wa kuwapokea wageni. Mume wangu alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, kwa kifua. Mwanangu mkubwa alikuwa Babati, mdogo alikuwa anakunywa. Ukihesabu silaha za mteremko ule wakati huo usingefika mbali, lakini bado pinde tano zingepatikana.

Nilikuwa nakata majani ya ng'ombe kwenye ukingo wa shamba letu la chini, nina mundu mkononi, trekta lilipoingia. Halikuwa lile jekundu, lilikuwa jipya, la buluu. Dereva alikuwa kijana nisiyemjua. Alinisalimia, "Shikamoo bibi," akashusha plau.

Nikamwuliza, "Nani kakutuma?"

"Mwenye shamba, bibi."

Nikapiga yowe.

Sikujua kama nilikuwa bado na sauti hiyo. Lilikwenda mpaka ng'ambo likarudi. Nikalipiga tena na tena. Wa kwanza kufika alikuwa mjane, maana kibanda chake kilikuwa hapo karibu. Alikuja anatembea, jembe begani. Akasimama hatua tatu kutoka kwangu, akatazama trekta, akanitazama mimi toka kichwani mpaka miguuni kama mtu anayenunua mbuzi.

Akasema, "Iko wapi damu?"

"Mwenzangu, wanakuja wanaume. Niunge mkono."

"Watakuja. Watauliza hilo hilo. Uliwafundisha wewe."

Na kweli nilikuwa nimewaona juu, shemeji na fimbo yake, mwanangu mdogo, na wengine watatu, pinde mkononi, wanateremka. Wanateremka polepole, kama watu wanaotumaini watakuta jambo limekwisha. Nikajua kwamba mjane amesema kweli. Nikageuza mundu nikajikata mkono, hapa, chini kidogo ya kiwiko. Nilikata sana. Damu ilishuka mpaka kwenye vidole, ikadondoka kwenye udongo.

Mjane aliangalia tu. Hakushtuka.

Walipofika na kuona damu, walibadilika. Lazima niseme hivyo, maana nimeishi nalo: walibadilika. Shemeji, mzee yule, aliitoa filimbi shingoni akaipuliza, na wale wanne wakajipanga, na mishale ikaingia kwenye pinde. Yule dereva alizima trekta. Akainua mikono. Kofia ikaanguka, hakuiinamia. Kukawa kimya kabisa, mara ya kwanza tangu asubuhi, na nikawaza: kumbe ilikuwa rahisi hivi. Shemeji alisema kweli siku ile. Hata honi.

"Nani amekukata?" shemeji akauliza.

Nikamnyooshea dereva kidole. Kijana wa watu, aliyeniamkia shikamoo. Wangempiga mshale na nisingewazuia.

Mjane akasema, "Amejikata mwenyewe."

Hakupaza sauti. "Kwa mundu wake. Huo hapo, una damu. Yule kijana hajashuka hata kwenye kiti. Nimesimama hapa nimeona. Mnaweza kumwuliza yeye mwenyewe."

Shemeji akaniuliza. Niliangalia mundu. Sikujibu, na kwetu kutojibu ni jibu.

Nikaona mabega yao yakishuka. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko maumivu. Hawakukasirika. Walipumua, kama watu walioambiwa mgonjwa wao amepona. Mishale ikatoka kwenye pinde. Mwanangu mwenyewe, niliyemzaa, alikuwa wa kwanza kugeuka, na nilimsikia akiuliza mwenzake kama kilabu kimefunguliwa. Dereva aliokota kofia, akasubiri kidogo kwa heshima, akawasha trekta. Alilima mpaka kwenye mgongo. Mstari wake ulikuwa umenyooka.

Mjane alirarua kipande cha khanga yake akanifunga mkono. Alifunga vizuri, kwa nguvu. Nilimwuliza, "Umefanya nini, mwenzangu? Trekta lilikuwa limezimwa." Akasema, "Nimesema nilichokiona. Wewe ulisema nini?"

Nilitozwa kondoo. Sikubisha, wala ushahidi wake sina la kuulaumu. Wake ulikuwa wa kweli mwanzo mpaka mwisho. Nilimtoa kondoo dume mnene, nikamshika kamba mwenyewe mpaka mteremkoni. Wanaume walichinja, wanawake wakapewa utumbo, na kati ya wanawake alikuwepo mjane, amekunja mikono ya gauni. Mimi sikuweza kuosha kwa sababu ya jeraha, nikakaa pembeni kwenye jiwe.

Nyama ilipoiva alinichagulia ini, akalikatakata vidogo ili niweze kula kwa mkono mmoja, akaniletea kwenye sahani ya bati.

"Kula, mwenzangu," akasema. "Huyu nimemkagua. Hana mtu ndani."

Nilikula. Lilikuwa na chumvi ya kutosha.